Wale wapenzi wa Kikorea: ni ndugu au si ndugu?

Saluni ya jirani yangu ina runinga ndogo iliyofungwa juu kabisa karibu na dari, na mteja anayesuka rasta hukaa chini yake saa tano au sita. Muda huo unatosha kumaliza robo ya sizoni ya Kikorea. Wiki mbili zilizopita nilimpeleka binti yangu kusuka, nikakuta ubishi umepamba moto. Kwenye runinga msichana amesimama kwenye theluji analia, mvulana amempa mgongo, na sauti ya dijei anayetafsiri inasema, "Kaka, usiniache."

Mama mmoja mwenye dawa kichwani akapiga paja: "Si nilisema? Hawa ni ndugu!" Msusi akakataa, ndugu gani hao, mbona juzi walikuwa wanakwenda kufunga ndoa? Wa tatu akasema ni ndugu wa kulelewa tu, walibadilishwa hospitalini. Wa nne, aliyeingia katikati ya sehemu, akauliza kama huyu kijana si ndiye yule aliyezikwa mwanzoni.

Kila mmoja wao alikuwa sahihi, ila alikuwa akijibu sizoni yake. Hizi hadithi za wapenzi waliotenganishwa zimefanana mno: ajali ya gari, kumbukumbu kupotea, mama mwenye siri, ugonjwa sehemu za mwisho. Ukitazama tatu ndani ya mwaka mmoja, zinaungana kichwani zinakuwa moja ndefu isiyoeleweka. Nikaona nichukue moja, niifumue taratibu, maana ukishajua mafundo yake, nyingine zote hazikusumbui.

Kwanza hilo neno sizoni lenyewe. Sisi tunaita sizoni kwa sababu tulizizoea za Wamarekani, zinazorudi mwaka baada ya mwaka mpaka wahusika wazeeke. Ya Kikorea kwa kawaida haina msimu wa pili. Ni hadithi moja yenye mwanzo na mwisho, mara nyingi sehemu 16 au 20, zinazorushwa mbili kila wiki. Ikiisha imeisha, ukimwona steringi huyohuyo tena, yuko kwenye hadithi nyingine na ana jina jingine. Neno tamthilia linafaa zaidi. Na tamthilia ya aina hii, ya machozi, ambamo bahati mbaya ni kubwa kuliko watu wenyewe na muziki unaingia kabla ya chozi kudondoka, ndiyo inayoitwa melodrama. Melodrama haijaribu kufanana na maisha ya kila siku, kama taarab isivyojaribu kufanana na mazungumzo ya sokoni.

Ninayoichukua mimi ni Winter Sonata, ileile iliyokuwa kwenye runinga ya saluni. Ilirushwa na kituo cha KBS kuanzia tarehe 14 Januari hadi 19 Machi 2002, kila Jumatatu na Jumanne, sehemu 20. Mwongozaji ni Yoon Seok-ho, na wanaoibeba ni Choi Ji-woo na Bae Yong-joon. Ni ya zamani, ndiyo, lakini ni kama mama wa hizi nyingine. Ilipofika Japani kupitia NHK mwaka 2003 na 2004, akina mama wa makamo walimpenda Bae Yong-joon hadi wakampa jina la Yon-sama, hiyo "sama" ikiwa ni heshima kubwa kwa Kijapani, na maelfu yao wakafurika uwanja wa ndege kumpokea.

Sasa tufumue. Kila aliyewahi kufumua rasta anajua huanzii kwenye mzizi, unaanzia nchani. Hadithi hii inawachanganya watu kwa sababu inasimuliwa kutoka kwa watoto, wakati fundo limefungwa na wazazi. Tuanze na wazazi.

Kulikuwa na vijana watatu. Mi-hee alimpenda Hyun-soo. Jin-woo alimpenda Mi-hee. Hyun-soo akaoa mwanamke mwingine. Hapo ndipo penye yote. Hyun-soo na mkewe wakamzaa Yu-jin, msichana wetu wa theluji, kisha Hyun-soo akafariki Yu-jin akiwa bado mdogo. Jin-woo naye akaoa, akamzaa Sang-hyuk. Mi-hee hakuolewa na yeyote kati yao, lakini ana mtoto wa kiume, Joon-sang. Baba yake nani? Swali hilo peke yake ndilo linaloendesha saa 20 za runinga.

Miaka inapita. Joon-sang, akiwa mwanafunzi wa sekondari, anahamia mji wa Chuncheon kumtafuta baba yake kimyakimya. Anakutana na Yu-jin, wanapendana. Kisha anaona picha ya zamani inayomfanya aamini kuwa baba yake ni marehemu Hyun-soo, yaani baba wa Yu-jin. Anaamua kuondoka na mama yake kwenda Marekani. Mkesha wa mwaka mpya, akiwa njiani kwenda uwanja wa ndege, moyo unamshinda: anashuka kwenye teksi akimbilie kule Yu-jin anakomsubiri, amrudishie angalau glavu zake za rangi ya waridi. Gari linamgonga. Shuleni wanaambiwa amekufa.

Hakufa. Alipoteza kumbukumbu, na mama yake, akitaka mwanawe aanze upya bila aibu ya kukosa baba, akamtafutia daktari ampandikizie kumbukumbu nyingine na jina jingine: Lee Min-hyung. Miaka kumi baadaye Yu-jin yuko njiani kwenda kuchumbiwa na Sang-hyuk, theluji inaanguka, anamwona barabarani mtu mwenye sura ya marehemu.

Yaliyobaki nayapitia haraka. Wanafanya kazi pamoja kwenye hoteli ya watelezao kwenye theluji, wanapendana upya, ajali ya pili inarudisha kumbukumbu, wanataka kuoana, mama Mi-hee anasema haiwezekani, baba yenu ni mmoja, Hyun-soo. Harusi inavunjika. Mwishowe ukweli unatoka: baba wa Joon-sang ni Jin-woo. Kwa hiyo Joon-sang na Yu-jin hawana damu moja hata tone. Wenye damu moja ni Joon-sang na Sang-hyuk, wale wanaume wawili waliokuwa wakimgombea msichana tangu sehemu ya kwanza. Waliotaka kuoana si ndugu; waliotaka kupigana ndio baba mmoja, mama mbalimbali.

Basi mama mwenye dawa kichwani alikosea? Kwa Winter Sonata, ndiyo. Ila alikuwa na sababu tatu nzuri za kukosea.

Sababu ya kwanza ni neno moja, oppa. Kwa Kikorea mwanamke humwita hivyo kaka yake aliyemzidi umri. Lakini ndivyo anavyomwita pia rafiki wa kiume aliyemzidi umri, mwanafunzi wa madarasa ya mbele waliyezoeana, mwimbaji anayempenda, na mchumba. Dijei anayetafsiri huku mkanda unakwenda hana nafasi ya kueleza yote hayo. Anasema "kaka" na kusonga mbele. Sisi tungepaswa kuelewa upesi kuliko watu wengine wote, maana konda wa daladala anakuita dada na hujawahi kumtilia shaka baba yako kwa ajili hiyo. Lakini mpenzi wako humwiti kaka ukiwa unalia kwenye theluji. Hapo ndipo Kiswahili na Kikorea vinapoachana.

Ipo tamthilia nyingine, Stairway to Heaven, iliyorushwa na SBS kuanzia Desemba 2003, na steringi wake wa kike ni Choi Ji-woo huyohuyo. Humo msichana anamwita oppa mpenzi wake, na anamwita oppa vilevile kijana wa mama wa kambo anayeishi naye nyumba moja. Neno lile kwa wote wawili. Mkorea anasikia tofauti katika sauti na katika nani anaambiwa. Sisi wa tafsiri tunabaki na makaka wawili, tena wote wawili wanampenda.

Sababu ya pili ni kwamba neno "ndugu" katika hadithi hizi lina maana tatu na kila tamthilia inachezea yake. Wapo ndugu wa damu, au wanaodhaniwa kuwa wa damu: hao ni Winter Sonata. Wapo waliolelewa pamoja bila damu: hao ni wa Autumn in My Heart, ya mwongozaji huyohuyo, ya mwaka 2000, ambamo watoto wachanga wawili walibadilishwa hospitalini, na msichana akakua akimwita kaka kijana ambaye hakuwa kaka yake. Na wapo ndugu wa kambo, walioletwa pamoja na ndoa ya wazazi watu wazima, kama wale wa Stairway to Heaven. Msomaji wa Pwani anaweza kuongeza la nne ambalo Wakorea hawalijui: ndugu wa kunyonya. Kwa Waislamu, watoto wawili walionyonya ziwa la mama mmoja hawaoani ingawa damu zao ni mbali. Ukilijua hilo, unamwelewa vizuri mama wa Autumn in My Heart anayeshtuka wale wawili wanapopendana, hata pale cheti cha hospitali kinaposema hakuna tatizo. Malezi nayo yana uzito wake.

Sababu ya tatu ndiyo inayonivutia zaidi, nayo ni jinsi Wakorea wanavyohesabu ukoo. Wana kipimo kinachoitwa chon, yaani hatua. Kutoka kwako hadi kwa mzazi wako ni hatua moja. Kutoka kwako kupanda kwa mzazi na kushuka kwa ndugu yako ni mbili. Kaka wa baba yako ni hatua tatu, na jina lake la kawaida, samchon, maana yake ni hiyohiyo, "hatua tatu". Binamu ni sachon, "hatua nne". Hebu fikiria mtu anaita nyumbani kwenu, "Hatua Tatu, njoo ule!" Kwao ni lugha ya kila siku.

Sheria ya Korea Kusini inakataza ndoa ya watu wenye damu moja hadi hatua ya nane. Hatua ya nne ni binamu, ya sita ni watoto wa mabinamu, ya nane ni wajukuu wa mabinamu. Mwaka 2022 Mahakama ya Katiba iliulizwa kama kiwango hicho hakijazidi. Ikalibakiza katazo, ingawa ilisema kuibatilisha tu kila ndoa ya namna hiyo iliyokwisha kufungwa ni kwenda mbali mno. Linganisha na Pwani yetu, ambako mtoto wa ami kumwoa mtoto wa ami ni jambo linaloweza kupangwa na wazee huku kahawa ikipita. Kumbe mtazamaji wa Lamu na wa Seoul hawaoni hatari ileile wakitazama picha ileile.

Na zamani ilikuwa kali kuliko hapo. Watu wa jina moja la ukoo wenye chimbuko moja, mathalani Kim wote wa Gimhae, ambao ni mamilioni, hawakuruhusiwa kuoana hata kama babu wa pamoja aliishi karne nyingi nyuma. Baganda watalielewa hili bila maelezo: mtu wa ukoo wa Nkima hamwoi mtu wa Nkima, hata kama wamekutana jana na mmoja kazaliwa London. Tofauti ni kwamba Korea iliandika mwiko huo katika sheria ya nchi. Wapenzi wa jina moja waliishi bila ndoa kusajiliwa, na serikali ikafungua dirisha la msamaha kwa muda, mwaka 1978, 1988 na 1996, ili waandikishwe. Julai 1997 Mahakama ya Katiba ikasema katazo hilo haliendani na katiba, na mwaka 2005 bunge likaifuta sheria yenyewe. Winter Sonata imerushwa katikati ya hapo, mwaka 2002. Mtazamaji wake alikuwa ametoka jana tu kwenye nchi ambako kupendana na mtu kisha kugundua hufai kumwoa lilikuwa jambo la ofisi ya serikali.

Kuna kitu kingine ambacho Mkorea anakiona dakika za mwanzo na sisi kinatupita. Kijana anaitwa Kang Joon-sang. Mama yake anaitwa Kang Mi-hee. Sisi tunaona sawa tu, mama na mtoto jina moja, kuna nini? Lakini Korea mwanamke akiolewa habadili jina la ukoo, na watoto huchukua la baba. Enzi zile mtoto mwenye jina la ukoo la mama yake alikuwa tangazo: huyu baba yake hajaandikwa. Kwetu ni kama mtu kujitambulisha kwa jina lake na la babu mzaa mama. Wazee wataitikia vizuri, watauliza habari za safari, kisha wataangaliana. Wakati ule kulikuwa bado na daftari la ukoo, kila familia chini ya kichwa cha nyumba, kwa kawaida mwanamume. Mfumo huo uliondolewa rasmi mwaka 2008. Kwa hiyo yule kijana mkimya anayekaa peke yake nyuma ya darasa, ambaye wengi wetu tulidhani ana maringo, Mkorea alishamsoma kabla hajafungua mdomo.

Tuje kwenye kumbukumbu, maana hapa ndipo tamthilia hizi zinapodanganya waziwazi, na watu wanaamini.

Dhana ya kwanza: ukigongwa kichwa unasahau jina lako na wazazi wako, lakini unakumbuka kusoma, kuendesha gari na kuzungumza Kiingereza. Mara nyingi huwa kinyume. Majeraha ya kichwa hufuta yaliyo karibu na ajali, saa au siku chache kabla yake na muda fulani baada yake. Ya utotoni ndiyo hushikilia sana. Mgonjwa anayejulikana kuliko wote katika elimu hii ni Mmarekani Henry Molaison, aliyepasuliwa ubongo mwaka 1953 kutibu kifafa. Tangu siku ile hadi alipofariki mwaka 2008 hakuweza kuhifadhi jambo jipya: unaongea naye, unatoka, unarudi, anakusalimia kama mgeni. Lakini jina lake alilijua, na wazazi wake aliwakumbuka. Kusahau wewe ni nani, moja kwa moja, kwa miaka kumi, kunatokea kwa nadra sana, na mara nyingi chanzo chake huwa msongo mzito wa akili kuliko pigo la boneti la gari.

Dhana ya pili: pigo la pili linarudisha kilichoondolewa na la kwanza. Joon-sang anamsukuma Yu-jin asigongwe, anagongwa yeye, anaamka anakumbuka. Inapendeza, lakini mwulize bondia yeyote mzee. Pigo juu ya pigo linaongeza uharibifu. Ubongo hauko kama redio ya mbao ya babu, iliyokuwa ikigongwa ubavuni ikashika tena stesheni.

Dhana ya tatu, ya daktari kupandikiza kumbukumbu nyingine, ina chembe ya ukweli. Chembe tu. Mwanasaikolojia Elizabeth Loftus alichapisha mwaka 1995 jaribio la watu 24 waliosimuliwa kisa cha uongo kwamba utotoni waliwahi kupotea katika jumba la maduka. Takriban robo yao wakaja kukikumbuka, kizima au kwa sehemu. Kwa hiyo kumshawishi mtu akumbuke tukio moja ambalo halikutokea kunawezekana. Kumpa maisha mazima, na jina, na utoto wa Marekani, na tabia mpya ya uchangamfu, hapo tumeingia kwenye kazi ya mwandishi wa tamthilia.

Na ugonjwa wa mwishoni? Joon-sang anagundulika ana damu iliyovilia ndani ya fuvu. Hilo lipo kweli. Damu inaweza kukusanyika polepole baada ya ajali, dalili zikaja wiki kadhaa baadaye. Kupoteza uwezo wa kuona kwa sababu ya ubongo pia kupo, maana sehemu inayosoma picha za macho iko kisogoni. Mpangilio wake tu, kwamba vyote vinasubiri hadi sehemu ya 19, ndio wa kutiliwa shaka.

Lakini kabla hujawacheka waandishi, tazama walivyokuwa wakifanya kazi. Sehemu mbili kila wiki, kila moja takriban saa nzima, na miaka ile walikuwa wanapiga picha huku tamthilia tayari iko hewani. Mwigizaji anaweza kupewa kurasa za leo asubuhi ya leo. Wakorea wana neno la dharau kwa karatasi hizo zinazokuja vipandevipande, jjokdaebon. Isitoshe, hadi 2021 vituo vikubwa vya hewani havikuruhusiwa kukata kipindi katikati kwa ajili ya matangazo, kwa hiyo hakuna ndoano ndogondogo kila dakika kumi na tano. Ndoano ni moja, sekunde za mwisho: picha inaganda kwenye uso wa mtu aliyeshtuka, wimbo unaingia, tukutane wiki ijayo. Sasa wewe uwe na ndoano 20 za kutafuta, na wapenzi wako wawili wameshajua wanapendana tangu sehemu ya pili. Utafanyaje? Utawagonga na gari. Utamleta mama. Utamuumiza mmoja macho. Mimi nikikaa siku tatu na msaada wa chai naweza kufikisha nne.

Hilo linaeleza ajali. Halielezi kwa nini machozi ya kutengana ndiyo yaliyowashika Wakorea wenyewe kuliko machozi mengine. Hapa nakwenda taratibu, maana sitaki kusema Winter Sonata ni hadithi ya vita. Siyo. Hakuna mwanajeshi hata mmoja. Lakini tazama nchi iliyokuwa ikiitazama.

Vita vya Korea vilianza Juni 1950, vikasimamishwa Julai 1953 kwa mapatano ya kusitisha mapigano, na mpaka ukafungwa. Mume aliyevuka kusini "kwa siku tatu" hakurudi. Watoto waliachana na mama zao kwenye msururu wa wakimbizi, wakakua mji mmoja na dada zao bila kujua. Usiku wa tarehe 30 Juni 1983, KBS, kituo kilekile, kilirusha kipindi cha kuwatafuta waliopoteana. Kilipangwa dakika 95. Simu hazikukoma, watu wakafurika Yeouido, Seoul, yalipo makao ya kituo, wakabandika karatasi za majina kwenye kuta hadi kuta zikaisha, wakabandika chini. Kipindi kikaendelea siku 138, jumla ya saa 453 na dakika 45, hadi Novemba. Familia zaidi ya 10,000 zilipatana. Mwaka 2015 UNESCO ikaingiza kumbukumbu zake katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia.

Tafuta vipande vya video vyake. Kioo cha runinga kimegawanywa katikati, kushoto mtu yuko studio ya Seoul, kulia mwingine yuko studio ya mkoani, wote wazee kabla ya wakati. Wanaulizana kama makarani. Kijijini kwetu kulikuwa na nini? Una kovu wapi? Baba alikuwa akifanya kazi gani? Jibu moja, mawili, matatu yanalingana, na ghafla ukarani unaisha, mtu anapiga kelele jina la utotoni.

Sura inayofanana na ya marehemu barabarani, kovu, picha ya zamani, jina lililobadilishwa, mzazi anayeficha: vitu hivi kwa familia nyingi za Korea vilikuwa vya nyumbani. Agosti 2000, baada ya viongozi wa Kaskazini na Kusini kukutana, watu 100 kutoka kila upande walipelekwa kuonana na jamaa zao kwa siku chache, kamera zikiwapo, kisha wakarudishwa kila mmoja kwake. Septemba ya mwaka huohuo ndipo Autumn in My Heart ilipoanza kurushwa. Sisemi moja ilizaa nyingine. Nasema aliyekaa kuitazama alikuwa na macho yaliyokwisha kulowa.

Na ukirudi nyuma kabisa ya vita utakuta kutengana tayari kuko kwenye ngano zao. Mchunga ng'ombe na mfumaji wa kike, walioadhibiwa wakawekwa pande mbili za mto wa nyota, wanaruhusiwa kukutana usiku mmoja tu kwa mwaka, siku ya saba ya mwezi wa saba, ndege wakijipanga kuwajengea daraja. Chunhyang wa Namwon, aliyeachwa na kijana wa mkubwa aliyekwenda mji mkuu, akavumilia kifungo kuliko kuwa wa mwingine. Kisa chake kinaimbwa kwa ngoma moja na sauti moja kwa saa nyingi. Mtoto wa Kikorea anakua akijua kwamba wapenzi wa kweli lazima wasubiri.

Bado sehemu ya mwisho, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiendelea pale saluni. Joon-sang anaondoka kwenda kutibiwa Marekani, wanaachana wakijua hawana udugu wowote. Miaka mitatu inapita. Yu-jin aliwahi kuchora nyumba akiamini haijengeki, mchoro wa ndoto tu. Siku moja anaiona nyumba ile imesimama kisiwani, juu ya bahari. Mahali pa kweli panaitwa Oedo, kusini kabisa mwa Korea, ni bustani na watalii wanakwenda. Anaingia. Mwenye nyumba anatokea, anauliza nani yuko hapo. Haoni.

Saluni nzima ilinyamaza. Hata mashine ya kukaushia nywele ilizimwa.

Kisha majina ya waigizaji yakapanda, msusi akafuta macho kwa mgongo wa mkono wenye mafuta ya nywele, akamalizia rasta tatu za binti yangu zilizobaki. Dada wa mapokezi akabonyeza rimoti, ikaanza nyingine: watoto wawili wanacheza ufukweni, mvulana na msichana, na kwenye nyumba kubwa nyuma yao gari linasimama, anashuka mwanamke mrembo na watoto wake wawili.

Mama mwenye dawa kichwani akanigeukia mimi, maana nilikuwa nimejifanya mjuzi. "Na hawa je, mwalimu?"

"Hawa ni wa kambo, mama. Nenda ukaoshe hiyo dawa kwanza, itakuunguza."